Asali, Gundi na Kalsiamu: Kumwandalia Shuga Glaida Chakula cha Nyumbani

Njia rahisi ya kumwelewa shuga glaida, mnyama mdogo wa kufugwa ambaye huelea hewani kutoka mti hadi mti, ni kuanza na komba. Komba wa Afrika Mashariki hulala mchana, hutoka giza likiingia, huruka tawi kwa tawi akiwinda wadudu, na penye migunga hulamba gundi inayochuruzika kwenye magome. Watu wa Pwani humjua pia kwa kudokoa tembo kwenye vibuyu vya wagema, hata mtu asiye na kipimo katika kunywa akasemwa kuwa ni mlevi kama komba. Shuga glaida hana udugu naye, kwa sababu yeye ni wa jamii ya kangaruu, wanyama wanaolea mtoto ndani ya mfuko wa tumboni, na kwao ni Australia, New Guinea na visiwa vya jirani. Hata hivyo wanyama hawa wawili, kila mmoja katika bara lake, wamejikuta wakiishi kwa kazi ileile: usiku, juu ya miti, kwa wadudu na gundi. Mfugaji akiikumbuka hiyo gundi, nusu ya utata wa chakula cha mnyama huyu huwa umekwisha kufumbuka.

Jina lake ndilo linalopotosha. Shuga ni sukari, na mtu anayemnunua mnyama huyu mwenye uzito usiozidi sana ule wa chungwa dogo moja, macho makubwa meusi na manyoya laini ya kijivu, huambiwa kwamba anapenda vitamu. Ni kweli anapenda. Humwekea ndizi, tufaha, zabibu na mahindi machanga, na mnyama hula kwa furaha, manyoya yanang'aa, mambo yanaonekana kwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha usiku mmoja mwenye nyumba humkuta sakafuni mwa tundu, mikono ya mbele ikimvuta na miguu ya nyuma ikiburuzwa kama kamba. Wengi hudhani ameanguka. Mara nyingi hakuanguka. Mifupa yake imeliwa na mwili wake mwenyewe, polepole, kwa sababu sahani ilikuwa na matunda mazuri lakini haikuwa na kalsiamu.

Tuangalie kwanza anakula nini huko kwao. Uchunguzi wa muda mrefu uliofanywa katika misitu ya jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, ulionyesha kwamba chakula chake hubadilika kwa majira. Wakati wa baridi, wadudu wanapoadimika, hutegemea gundi ya miti ya akasia na utomvu wa mikaratusi, ambao huupata kwa kulitoboa gome kwa meno marefu ya taya la chini. Joto linaporudi hugeukia wadudu na buibui, na maua yakichanua huongeza mbochi na chavua. Tena hulamba majimaji matamu yanayoachwa majanini na wadudu wanaofyonza utomvu. Msomaji wa Tanzania anaweza kufurahi kujua kwamba mmoja wa miti ya gundi katika misitu hiyo ni uleule uliopandwa Njombe kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, yaani mwati. Matunda, kama yale tunayoyajua sokoni, hayana nafasi kubwa katika orodha hiyo.

Mwili wake umeumbwa kwa maisha hayo. Mwanzoni mwa utumbo mpana ana mfuko mrefu ambamo bakteria huichachusha gundi, kwa kuwa gundi ya mti si sukari nyepesi ya kumeng'enywa mara moja. Mwendo wa mwili wake katika kuunguza chakula ni wa chini kuliko ule wa mamalia wa kawaida wa ukubwa wake, na baridi na njaa vikimzidi huweza kushusha joto la mwili na kulala usingizi mzito kwa saa nyingi ili kuokoa nguvu. Ni mnyama wa kubana matumizi. Ukimweka ndani ya nyumba yenye joto, sahani ikajaa kila jioni na hakuna mti wa kupanda wala pengo la kuruka, ule ubanaji uliomsaidia msituni humnenepesha.

Sasa turudi kwenye gundi. Wadudu wana protini nyingi na fosforasi nyingi, lakini kalsiamu yao ni kidogo mno, kwa sababu hawana mifupa. Ganda lao gumu halikujengwa kwa chokaa. Gundi ya akasia, kinyume chake, ni chumvi ya asili yenye kalsiamu, magnesiamu na potasiamu ndani yake. Watafiti waliochunguza komba wa kusini mwa Afrika walipendekeza kwamba mnyama yule halambi gundi kwa ajili ya nguvu tu, bali pia kwa sababu gundi huziba pengo la kalsiamu linaloachwa na wadudu. Hoja hiyo inamfaa shuga glaida vilevile. Msituni, chakula kimoja hulipa deni la kingine. Mfugaji anapoondoa gundi na kuweka asali na matunda mahali pake, amebakiza utamu na kuacha madini. Asali, kwa gramu 100, ina kiasi cha miligramu 6 tu za kalsiamu. Kwa hiyo yule anayesema kwamba asali ni badala ya gundi kwa kuwa zote hutoka porini amelinganisha ladha, hakulinganisha kazi.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Kalsiamu ya damu haina budi kubaki katika kiwango maalumu, kwani misuli na mishipa ya fahamu, pamoja na moyo, huitegemea kila sekunde. Fosforasi ikizidi na kalsiamu ikipungua kwenye chakula, tezi ndogo za shingoni ziitwazo parathiroidi huongeza homoni yao, na homoni hiyo huiamuru mifupa iachie kalsiamu iingie kwenye damu. Siku moja hakuna shida. Baada ya miezi mingi mifupa huwa myepesi kama bua la mahindi, hupinda, hupasuka kwa mruko mdogo, na uti wa mgongo ukilegea miguu ya nyuma hupooza. Vitamini D ikikosekana hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa bila hiyo utumbo haunyonyi kalsiamu ipasavyo. Ni mantiki ileile ya matege kwa watoto wasiopata jua, na tukumbuke kwamba mnyama huyu hulala mchana kutwa ndani ya kifuko cha kitambaa. Akiwahishwa kwa daktari wa wanyama mapema, wengi hurudi kutembea. Akicheleweshwa, la.

Hivyo mpishi wa shuga glaida ana hesabu moja ya kuifanya kabla ya nyingine zote: kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, na isizidi sana mara mbili yake. Wataalamu wengi hulenga karibu na mbili kwa moja. Kwenye karatasi jambo hili ni jepesi, lakini jikoni linateleza, kwa hiyo tulifanye kwa mfano.

Chukua yai moja la kuchemsha lisilo na ganda, lenye gramu 50, kisha gramu 100 za kila kimoja kati ya mahindi machanga, ndizi na tufaha. Kwa majedwali ya lishe ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, yai hilo lina kalsiamu miligramu 25 na fosforasi 86. Mahindi yana 2 kwa 89. Ndizi ina 5 kwa 22, na tufaha 6 kwa 11. Ukijumlisha unapata kalsiamu miligramu 38 dhidi ya fosforasi 208, yaani fosforasi imezidi zaidi ya mara tano. Sahani hiyo ni nzuri kwa macho, ni safi, haina kemikali, imetoka sokoni asubuhi, na ndiyo inayopoozesha miguu. Tiba yake ni gramu 1 ya unga wa kalsiamu kaboneti usio na fosforasi. Kwa kuwa asilimia 40 ya uzito wa kaboneti hiyo ni kalsiamu, gramu 1 huleta miligramu 400, na hesabu inakuwa 438 kwa 208, ambayo ni mbili kwa moja na ziada ndogo.

Wiki ifuatayo mahindi yameadimika na mfugaji ameweka gramu 100 za papai. Papai lina kalsiamu 20 na fosforasi 10. Jumla mpya kabla ya unga ni 56 kwa 129. Akitia gramu ileile 1 aliyoizoea, anapata 456 kwa 129, karibu tatu na nusu kwa moja, kumbe alihitaji nusu gramu tu. Kalsiamu iliyozidi hivyo huzuia utumbo kunyonya madini mengine, na ikikutana na vitamini D iliyozidi huweza kutuama kwenye figo. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ushauri unaozunguka kati ya wafugaji ni wa kijiko: tia kijiko fulani cha unga na ubadilishe matunda upendavyo. Kijiko hakijui umetia nini kwenye bakuli. Nunua mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa kusoma uwiano bila kusoma kiasi. Papai lina mbili kwa moja, uwiano wa kupendeza, na mtu anaweza kudhani kwamba kipande cha papai kinasawazisha yai. Fanya hesabu. Yai letu lina upungufu wa miligramu 61 ili kalsiamu ilingane tu na fosforasi. Kila gramu 100 za papai zina ziada ya miligramu 10. Itabidi mnyama wa gramu 120 ale gramu 610 za papai kwa ajili ya yai moja, na hata ale shamba zima hatafika mbili kwa moja. Majani ya sukuma wiki ndiyo yenye nguvu halisi: kwa gramu 100 yana kalsiamu kama 232 dhidi ya fosforasi 25, hivyo gramu 30 zinatosha kuziba upungufu huo wa yai. Mchicha na spinachi haviwezi kushika nafasi hiyo ingawa majedwali yanavipa kalsiamu ya kutosha, kwa sababu vina oksaleti nyingi inayoifunga kalsiamu isinyonywe. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa mpaka likawa laini kama unga wa muhogo, ni kalsiamu kaboneti karibu lote, na linaweza kutumika. Likibaki na chembe mnyama atazitema.

Kuhusu mapishi yenyewe, mzizi wa mengi yanayotumiwa leo ni mchanganyiko unaohusishwa na bustani ya wanyama ya Taronga mjini Sydney, unaojulikana kwa jina la Leadbeater. Jina hilo ni la binamu wa shuga glaida, mnyama mdogo wa misitu ya Victoria aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1961. Mchanganyiko ni huu: maji ya uvuguvugu mililita 150, asali mililita 150, yai moja la kuchemsha lililomenywa, gramu 25 za unga wa nafaka wa watoto wachanga wenye protini nyingi, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa vitamini na madini. Asali huyeyushwa kwenye maji. Yai husagwa peke yake kwenye blenda mpaka lisibaki bonge, ndipo maji ya asali yanapomiminwa kidogo kidogo, halafu unga wa vitamini, halafu nafaka, na blenda huzungushwa kila kimoja kinapoingia. Uji unaopatikana ni wa rangi ya krimu, mzito kiasi cha kuganda kwenye mgongo wa kijiko. Ukiumimina kwenye visahani vya barafu na kuuweka kwenye friza, hautakuwa mgumu kama jiwe kwa sababu ya asali, na utakata kibonge kimoja kila jioni bila taabu. Madaktari wa wanyama wanaoutumia hupendekeza uwe kama nusu ya mlo, nusu nyingine iwe chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya wanyama wanaokula wadudu, na matunda mabichi yabaki kionjo.

Yapo mapishi mengine, baadhi yakiongeza kuku aliyesagwa, maziwa ya mgando, kiini cha ngano au chavua ya nyuki, na kila moja lina wapenzi wanaolitetea kama timu ya mpira. Sioni sababu ya kuchagua upande kwa ushabiki. Lenye maana ni kwamba kila pishi lililojaribiwa ni hesabu iliyokwisha kufungwa: unga wake wa vitamini ulichaguliwa kwa sababu ya nafaka yake, na kalsiamu yake ilipimwa kwa sababu ya yai na nyama yake. Ukichukua unga wa pishi moja, asali ya jingine na orodha ya mboga ya la tatu, umetengeneza pishi la nne ambalo hakuna aliyelijaribu. Kosa hili nimelifanya. Duka la jirani liliishiwa na nafaka ya watoto niliyoizoea, nikaweka unga wa uji wa lishe niliokuwa nao kabatini, ule wenye ulezi, soya na karanga, nikijisifu moyoni kwamba ni wa asili zaidi. Karanga na soya zina fosforasi kwa wingi na mafuta juu yake, ilhali ile nafaka ya boksi ilikuwa imeongezwa kalsiamu kiwandani. Nilipokaa na kalamu ndipo nikaona nilichokuwa nimekiondoa. Tena haifai kutia aina mbili za unga wa vitamini kwa wakati mmoja ati kwa usalama, kwa kuwa vitamini A na D hujikusanya mwilini na sumu yake ni ya kweli.

Wadudu wanastahili maelezo yao. Wanaouzwa zaidi ni nyenje na funza wa unga. Nyenje aliyekomaa ana fosforasi takriban mara saba ya kalsiamu yake, na funza wa unga ana zaidi ya mara kumi, pamoja na mafuta karibu maradufu ya nyenje. Ndiyo maana wafugaji hodari huwalisha wadudu kwanza: kwa siku moja au mbili kabla ya kuliwa, nyenje hupewa chakula chenye kalsiamu nyingi, tumbo lake likajaa, na mnyama anapomla hula na kile kilichomo. Funza wa nzi askari weusi, ambao sasa wanafugwa kwa wingi Kenya na Tanzania kwa ajili ya kuku na samaki, ni wa pekee katika kundi hili kwa kuwa ngozi yao ina kalsiamu inayozidi fosforasi. Wadudu wa kuokota nje ya nyumba waachwe, kwa maana hujui ni bustani ipi imepuliziwa dawa.

Mtu asidhani pia kwamba wadudu ni anasa tu. Ndugu wa shuga glaida waliopelekwa Tasmania na binadamu katika karne ya 19 huingia kwenye matundu ya kasuku waitwao swift parrot wanaoatamia, wakala mayai, makinda na hata mama aliye kiotani. Aliyemwona mmoja akimshika nyenje haulizi tena kama ni mla matunda: humdaka kwa mikono miwili, hung'ata kichwa kwanza, kisha hugeuza kiwiliwili kama mtu anayekula hindi la kuchoma, mabawa na miguu yakidondoka chini.

Anavyokula tunda ni tofauti, na tofauti hiyo ina maana kwa mpishi. Mpe kipande cha chungwa au papai saa mbili usiku ukae kimya. Hukitafuna kwa muda mrefu, hunyonya maji, kisha hutema kibonge kikavu cha nyuzi chenye alama za meno. Asubuhi unakuta vibonge hivyo vimetapakaa, na mboga iliyokuwa na kalsiamu imebaki kama ilivyowekwa, imenyauka tu. Maana yake ni kwamba hesabu uliyoifanya juu ya sahani siyo hesabu iliyoingia tumboni. Mnyama huyu huchagua, na huchagua sukari. Kwa hiyo chenye kalsiamu na chenye utamu visagwe pamoja viwe kitu kimoja asichoweza kukitenganisha, na kama unamwekea matunda ya vipande, yaje baada ya uji kuliwa. Kwa wiki ya kwanza ya pishi jipya pima kilichowekwa na kilichobaki. Kazi hii inachosha lakini ndiyo inayosema ukweli.

Suala la protini ndilo lenye mabishano makali zaidi. Kuna wanaoshikilia kwamba nusu ya mlo iwe protini, na kuna wanaotaja majaribio ya Australia ya mwaka 1987 yaliyoonyesha kwamba shuga glaida aliyelishwa asali na chavua aliweza kudumisha mwili wake kwa nitrojeni, ambayo ndiyo kipimo cha protini, kidogo mno. Pande zote mbili zinaweza kuwa sawa bila kugongana. Majaribio yale yalipima kiasi cha chini kabisa cha kumfanya mnyama aliyekomaa asipungue. Hayakumpima mama anayenyonyesha wala mtoto anayekua. Zaidi ya hayo, tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2019 ziliwafuata shuga glaida wanaofugwa Marekani hadi asili yao ikaonekana kuwa Papua Magharibi, nchini Indonesia, ambako misitu haina majira makali ya baridi kama ya Victoria. Mwaka 2020 wataalamu waligawa hata wale wa Australia waliokuwa wakiitwa jina moja kuwa spishi tatu. Mimi, kwa maoni yangu, sioni haja ya kufukuza asilimia za protini. Yai, wadudu na nafaka vikiwepo kwa kiasi cha pishi lililojaribiwa, protini haikosekani, na nyama inayorundikwa ili kuiongeza huja na fosforasi ambayo mtu hakuihesabu. Nyama ya kuku isiyo na mfupa ina fosforasi zaidi ya mara kumi ya kalsiamu yake.

Kiasi cha chakula kwa usiku ni kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wa mnyama. Mwenye gramu 120 basi atakula gramu 18 hadi 24, ambazo ni kijiko kikubwa cha chakula kimoja na nusu hivi na si zaidi. Huwekwa jua likizama, masalio huondolewa alfajiri kabla hayajachacha, na maji safi hukaa muda wote. Mpime uzito kila wiki saa ileile, akiwa ndani ya kikombe au kifuko chake, uandike. Dume lililokomaa huwa kati ya gramu 100 na 160, jike huwa dogo zaidi, lakini namba ya mwenzio haikuhusu sana kama mwenendo wa namba yako mwenyewe: anayepanda gramu tano kila wiki ananenepa, na anayeshuka hivyo anaumwa. Unene kwake si urembo. Mafuta hukusanyika kwenye ini na kuzunguka moyo, na watoto wa mama waliolishwa mafuta mengi huweza kutoka mfukoni wakiwa na utando mweupe machoni.

Mama mwenye mtoto anahitaji jicho la karibu. Mimba yake huchukua kama siku 16 tu, na mtoto huzaliwa akiwa na uzito wa sehemu ya tano ya gramu, akapanda mwenyewe hadi kwenye mfuko na kukaa humo kwa takriban siku 70. Mifupa yote anayoijenga humo hutoka kwenye maziwa, na kalsiamu ya maziwa hutoka kwa mama. Jike lililokuwa likijikongoja na lishe pungufu kwa mwaka mzima bila dalili ndilo linalopooza wakati huu, wiki chache kabla mtoto hajachungulia nje. Uji na wadudu waliolishwa vizuri viongezwe, matunda yapungue.

Yasiyofaa kabisa ni chokoleti, kahawa, vitunguu na vitunguu saumu, pamoja na mbegu za tufaha na kokwa za matunda. Alizeti, karanga na korosho humdhuru kwa njia ya polepole, kwa mafuta na fosforasi, na hupewa mara nyingi kwa kuwa mnyama anafanana na kindi. Meno yake hayaoti bila kukoma kama ya kindi, wala hayakatwi, na vyakula laini vyenye sukari vikishika kwenye meno huleta ukoga na kuoza; nyenje mwenye ganda husaidia kuyasugua.

Anayehamisha mnyama kutoka chakula cha dukani kwenda uji wa nyumbani asifanye kwa usiku mmoja, kwa sababu shuga glaida anayekigomea chakula hupungua haraka, na mnyama wa gramu 100 hana akiba ya kupoteza. Changanya robo ya uji mpya na robo tatu za alichokizoea kwa siku tatu au nne, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, ukitazama mizani na kinyesi. Akiharisha rudi hatua moja nyuma. Akianza kutetemeka, kulegea miguu au kuamka mchana akizunguka bila mwelekeo, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, na uchukue karatasi ya pishi lako yenye kila kitu kwa gramu pamoja na kopo la unga wa vitamini, kwa kuwa swali la kwanza atakalokuuliza ni anakula nini, na jibu la «matunda na asali kidogo» halimwambii chochote cha kuanzia.